Sahihi ya Nahodha

Ubao wa ratiba ulizingirwa na wanafunzi mia na ushee, na binti mwenye gauni la njano na penseli nyweleni alikuwa haoni ila migongo.

"Kaka mrefu," alimgusa jirani yake kiwiko, "wewe uliyechukua na urefu wa wenzako, nisomee Takwimu ni chumba gani."

"Cha nane. Na mimi napata nini?"

"Asante."

Kaka alicheka mpaka watu wakageuka. Alikuwa nahodha wa timu ya mpira wa kikapu ya chuo, timu iliyofika fainali mara nne na mara zote nne ikarudi na kikombe cha mshindi wa pili. Vikombe hivyo vilikaa kabatini kwenye korido ya ukumbi wa michezo, na wachezaji wakipita hapo hutazama upande wa pili.

Mwezi haukuisha, binti akawa anakaa meza ya ukumbini akiandika pointi na faulo. Wachezaji wakamwita Karani. Nahodha akamwita mpenzi, na simu zao hazikupoa.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Leo umekosa mitupo huru mitatu."

"Wenzangu huambiwa wamependeza."

"Umependeza. Ukikosa ndiyo unazidi."

Msimu ukaenda hivyo mpaka fainali ya tano: michezo mitatu, atakayeshinda miwili ndiye bingwa. Wa kwanza walishinda. Wa pili, zikiwa zimebaki dakika tatu, Karani akainua kibao chenye namba tano. Faulo ya tano, nahodha nje.

"Ni ya nne," nahodha alisema mbele ya meza. "Nimezihesabu."

"Mimi nimeziandika."

Walifungwa kwa pointi moja. Nahodha, hasira zimempanda, akanyakua kalamu na kutia sahihi chini ya karatasi ya mchezo, mahali ambapo nahodha husaini pale tu anapolalamika. Karani akaivuta karatasi kwake. Mpenzi wake alikuwa amemwita mwongo mbele ya ukumbi mzima, na ilimuuma sana.

Asubuhi yake kocha aliwasha video. Dakika ya kwanza kabisa, nahodha na mwenzake waliruka pamoja, na nyuma ya mgongo wake mwamuzi akaonyesha kuwa faulo ni ya namba yake, si ya mwenzake. Faulo zilikuwa tano. Nahodha alitamani ardhi ipasuke immeze. Akafuta malalamiko, akapiga simu mpaka dada yake Karani akapokea.

"Shemeji, mdogo wangu yupo hapa. Anasema nikwambie hayupo."

Siku ya mchezo wa tatu Karani alikuja na gauni lile lile la njano, akakaa mezani bila kumtazama. Timu ilishinda kwa pointi sita. Wenzake wakirukiana na kulia, nahodha alikwenda moja kwa moja mezani.

"Nipe kalamu."

"Unalalamika tena? Si mmeshinda?"

Akasaini pale pale pa malalamiko, akaandika chini yake: *Karani hapokei simu siku nne. Mwenye kosa ni mimi. Naomba kumuoa.*

Karani alisoma, akasoma tena, machozi na kicheko vikamjia kwa pamoja.

"Umeharibu karatasi rasmi."

"Nijibu kwanza."

Alichukua kalamu, akaweka sahihi yake kando ya ile ya nahodha.

"Sahihi yako ya siku ile nimeiandika faulo ya kwanza," alisema. "Zimebaki nne, na za nyumbani nitahesabu mimi."