Mbili Juu ya Kumi

Kila asubuhi, kabla hajafika shuleni, Chérie alikuwa ameshaipa pointi nusu ya mji wa Baraka. Chai ya nyumbani ilipata saba juu ya kumi, kwa sababu sukari haikutosha. Jogoo wa jirani alipata nne, maana aliwika jua likiwa tayari limetoka. Mwendesha pikipiki aliyemrushia vumbi kwenye njia ya soko alipata sifuri, na hakuna aliyeweza kumtetea.

"We mutoto, siku moja bantu batakupatia na we pointi," alisema mama yake, Florentine, huku akijitwika beseni la ndagala, wale dagaa wa ziwani, kwenda sokoni.

"Batanipatia kumi, mama."

"Haya. Nawa uso kwanza, tuanzie hapo."

Chérie alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la sita. Alikuwa na biki, kalamu ya wino mwekundu, aliyopewa na baba yake mdogo, Jacques, na biki hiyo aliipenda kuliko viatu vyake vya Jumapili. Msije mkadhani alikuwa na roho mbaya. Alipenda kutazama vitu, na jicho alikuwa nalo. Shida ilikuwa ulimi, ambao hauna mfupa, na wake ulikuwa na haraka. Jicho likiwa bado linatazama, ulimi ulikuwa umeshatoa pointi.

Darasani alikaa benchi moja na Umwiza, msichana mpole ambaye watu wa kwao walishuka kutoka milimani. Tangu darasa la nne walitumia rula moja, na wakati wa mapumziko waligawana muhogo wa kuchemsha. Chérie alisema kwa ajili ya wote wawili, Umwiza alisikiliza kwa ajili ya wote wawili, na mambo yalikwenda vizuri.

Jumatatu moja Mwalimu Isidore alifuta ubao, akajipangusa chaki mikononi, akasema, "Kesho kila mmoja alete kitu cha sanaa kutoka nyumbani kwao. Kiwe kimechorwa, kimechongwa au kimefumwa, vyote ni sawa. Msiandike majina. Nataka macho yenu yaseme kabla ya kujua kitu ni cha nani. Kisha mtaandika maoni yenu: kipi kinakupendeza kuliko vingine, na kwa nini. Jumamosi wazazi watakuja kuviona, na maoni yatasomwa mbele yao."

Jumanne meza ya mwalimu ilijaa. Palikuwa na mwiko wa mti uliochongwa mpini, chungu cha udongo, na kitambaa cha meza kilichodariziwa maua. Palikuwa na uso wa mzee uliochorwa kwa mkaa juu ya karatasi ya mfuko wa simenti. Chérie alikuwa ameleta kipande cha ubao wa mtumbwi ambacho baba mdogo Jacques alikipaka rangi ya mafuta: samaki mmoja mkubwa, mukebuka, juu ya maji ya buluu. Pembeni kabisa kilikaa kifuniko cha chungu cha maziwa, kimefumwa kwa nyasi, kina ncha juu, na rangi yake ni nyeupe na nyeusi tu.

"Nani ataanza?" aliuliza mwalimu. Huna haja ya kuambiwa ni mkono wa nani uliotangulia kwenda juu.

Chérie alisimama na daftari lake, akasoma kwa sauti ya mtu anayetangaza matokeo ya mwisho wa mwaka. "Ubao wa mtumbwi: kumi juu ya kumi. Rangi zake zinawaka. Picha ya mkaa: tano. Haina rangi, na ukiigusa inakuchafua. Kifuniko: mbili juu ya kumi. Ni kidogo, kina rangi mbili tu, na hakina picha ya kitu chochote. Mtu akikitazama mara moja ameshamaliza."

Darasa zima lilicheka. Norbert, aliyekaa nyuma, alipiga hata benchi kwa kiganja. Chérie alicheka pia, maana ni nani asiyefurahi akichekesha watu?

Mwalimu Isidore hakucheka. "Ulikitazama kifuniko hicho kwa muda gani?"

"Kinaonekana tu, mwalimu."

Kengele ikalia. Wenzake walipokuwa wanatoka mbio, Umwiza alikwenda mezani, akakichukua kifuniko, akakifunga ndani ya kitenge na kukitia kwenye mfuko wake. Kisha alirudi kwenye benchi, akakusanya madaftari yake, akahamia benchi la mwisho karibu na dirisha. Rula akaiacha.

Chérie aliinuka. Akamfuata. "Ni cha mama yako?"

"Ni changu," alijibu Umwiza. "Nimekifuma mi mwenyewe. Na Jumamosi sitakileta."

Muhogo wa siku hiyo Chérie aliula peke yake, na haukuwa na ladha. Alifikiri haraka, kama kawaida yake, akapata dawa. Alifungua daftari, akaifuta ile mbili kwa mistari mitatu, akaandika tisa kubwa, nyekundu, akaizungushia duara. Akaichana karatasi na kuipeleka kwenye benchi la mwisho.

Umwiza aliisoma, akamrudishia. "Asubuhi mbili, saa hii tisa. Kifuniko kimebadilika wapi?"

Chérie aliichukua karatasi. Alirudi kwenye benchi lake lililokuwa refu kupita kiasi, akakaa na karatasi yake mkononi. Aliona aibu, na aibu hiyo ilimkaa mpaka kengele ya kwenda nyumbani.

Alipotoka shuleni alipitia ufukoni kurudisha ubao mpaka Jumamosi. Baba mdogo Jacques alikuwa anaandika jina kwenye ubavu wa mtumbwi mpya, kopo moja la rangi nyekundu miguuni pake na kitambaa chenye harufu ya petroli begani. Chérie alimweleza yote, akitumaini kuhurumiwa.

"Na mi uliniwekea ngapi?" aliuliza Jacques bila kugeuka.

"Kumi."

"Kumi ya nini?"

"Samaki ni mzuri, baba mdogo."

"Mutazame vizuri huyo samaki."

Chérie akauweka ubao juu ya mapaja. Alitazama kichwa, akatazama mkia. Alirudi tena tumboni, na hapo akausogeza ubao karibu na macho. Mtoto wa Baraka ameshaosha mikebuka mingi maishani mwake, na tumbo la samaki analijua.

"Hana mapezi ya chini," alisema polepole.

"Hana. Nilisema nitayaweka kesho, rangi ikikauka. Hiyo kesho iko na miaka mbili sasa." Jacques alicheka, kisha akaweka brashi chini. "Unaona? Kumi yako na mbili yako ni ndugu. Zote umezitoa bila kutazama. Babu zetu walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Nenda kwa bale bantu, uombe bakuonyeshe namna kinaundwa."

Kwenda ilikuwa kazi. Siku iliyofuata Chérie alizunguka nyumba ya akina Umwiza mara mbili kabla hajapiga hodi. Mama Mukashema, mama yake Umwiza, alikuwa mlangoni akichambua maharagwe.

"Mama, mi ndiye nilisema mbili," Chérie alisema, na hayo ndiyo maneno pekee aliyoweza kuyapata.

"Najua. Ingia, ukae."

Hakumgombeza, na hilo lilikuwa gumu kuliko kugombezwa. Alimpa fungu la nyasi, ukambaa mweupe, ukambaa mweusi na sindano nene. Alimwonyesha namna ya kuzungusha ukambaa kwenye nyasi, kutoboa mzunguko wa chini, kuvuta na kukaza. Tano nyeusi, tatu nyeupe, tena tano nyeusi, ili weusi upande kama ngazi. Chérie akaona ni rahisi. Robo saa baadaye alikuwa amejichoma mara nne, na kazi yake haikuzidi urefu wa kidole.

"Umeshika sindano kinyume," ilisema sauti nyuma yake. Umwiza alikuwa amesimama mlangoni, amekunja mikono. Ila hakuondoka.

Chérie aligeuza sindano. Alipomaliza mzunguko wa kwanza na kuanza wa pili, ngazi nyeusi ilikataa kukaa juu ya mwenzake. Alihesabu upya. Mahali fulani alikuwa amefuma sita badala ya tano.

"Nitafunika wapi, mama?"

"Hapa hakuna kufunika, mutoto wangu. Ni kufumua."

Akafumua. Kazi ya saa nzima iliisha kwa muda wa kumeza mate. Ndipo Mama Mukashema alipokileta kile kifuniko na kumwekea mikononi. Chérie alikigeuza taratibu, safari hii akifuata mistari kwa ncha ya kidole kilichochomwa. Ngazi nyeusi zilipanda kutoka ukingoni mpaka nchani, zikizidi kuwa ndogo, bila hata moja kukosa mahali pake. Karibu na ukingo tu aliona moja iliyokuwa pana kidogo kuliko wenzake.

"Ilimchukua miezi minne," alisema Mama Mukashema. "Amekifumua mara tatu."

Chérie aliuliza, "Mama, nikisema Jumamosi kwamba hiki kinapita vyote, Umwiza atarudi kwenye benchi?"

"Macho yako ndiyo yanasema hivyo?"

Chérie alikitazama tena kifuniko. Alijua jibu ambalo lingempendeza kila mtu ndani ya nyumba ile. Alijua pia kwamba Umwiza yuko mlangoni, anasikia.

"Hapana, mama," alisema mwishowe. "Ninapenda bado ubao wa mtumbwi."

"Basi usiseme. Hatukukuomba ukipende. Tulitaka ukitazame."

Jumamosi wazazi walijaa darasani, mama Florentine akiwa mstari wa mbele na kitenge chake kipya. Kifuniko hakikuwa mezani. Mahali pake palikuwa wazi, na Chérie aliona kana kwamba watu hawaoni kitu kingine ila pale palipo wazi. Mwalimu Isidore alipomwita, alisimama na karatasi isiyokuwa na wekundu hata kidogo.

"Kwangu mimi, ubao wa mtumbwi ndio unaonipendeza zaidi," alisoma. "Rangi ya mafuta inaonekana kutoka mbali. Mtu akiwa ufukoni anaweza kujua mtumbwi wa kwao kabla hajaona nyuso za waliomo. Lakini mchoraji wake alisahau mapezi ya samaki, na mimi nilikuwa nimempa kumi."

Nyuma ya watu, baba mdogo Jacques alikohoa na kutazama dari.

"Mkaa unachafua vidole, ni kweli. Ila mzee wa kwenye karatasi ana kivuli chini ya macho, kana kwamba hakulala vizuri, na kivuli hicho kimepakwa kwa kidole. Sijui kama brashi ingeweza. Tena mkaa hauombi uende dukani. Kila nyumba inao."

Alivuta pumzi. "Kulikuwa na kifuniko cha nyasi. Nilisema hakina picha na kwamba mtu akikitazama mara moja amemaliza. Nilisema uongo, kwa sababu sikukitazama hata mara hiyo moja. Nimejaribu kukifuma. Rangi ukikosea, unapaka juu yake. Nyasi ukikosea, unafumua mpaka ulipokosea, hata kama ni kazi ya wiki. Kifuniko kile kina ngazi nyeusi zinazopanda mpaka juu, na kwenye mzunguko wa tatu kuna ngazi moja ambayo ni pana kidogo. Kwangu bado si cha kwanza. Lakini ndicho nilichokitazama kuliko vyote, na aliyekifuma ana subira ambayo mimi sina. Ninamwomba msamaha."

Chérie alikunja karatasi yake. Kisha sauti ikatoka kwenye benchi la mwisho.

"Ni mzunguko wa nne," alisema Umwiza.

Watu wakageuka. Umwiza alikuwa amesimama, mfuko wake mkononi. Alitembea mpaka mezani, akafungua kitenge, akakiweka kifuniko mahali pake. Mama Mukashema, aliyekaa ukutani, aliinamisha kichwa kidogo, akitabasamu.

Mwalimu Isidore alikuja mbele, akachukua kifuniko kwa mikono miwili. "Wanangu," alisema, "kila mtu ana haki ya kupenda anachopenda, na hakuna anayeweza kukulazimisha. Lakini kabla hujasema kitu ni kibaya au ni kizuri, kipe muda wako. Kitazame, uliza kimetengenezwaje. Kisha sema kweli, hata kama kweli hiyo haimfurahishi rafiki yako. Sifa ya uongo ni dharau pia, maana nayo hutolewa bila kutazama. Chérie leo hakutoa pointi hata moja, na haya ndiyo maoni bora niliyoyasikia mwaka huu."

"Ngapi juu ya kumi, mwalimu?" aliuliza Norbert, na wazazi wakacheka. Mama Florentine alicheka kuliko wote.

Chérie alirudi kwenye benchi lake, akakaa katikati kama alivyozoea tangu Jumanne. Aliinua macho na kumkuta Umwiza amesimama kando yake na madaftari yake yote kifuani.

"Sogea," alisema Umwiza. "Na rula yangu iko wapi?"