Kifuu cha Bibi Matalena

Alasiri hiyo Lupesina alikuwa nyuma ya nyumba akimenya majimbi, na wifi yake Vaelupe anakuna nazi, wanataniana. Vaelupe alikuwa amefika juzi kisiwani kutoka ng'ambo, Auckland, baada ya miaka mingi. Alimwambia wifi yake kwamba amenenepa kwa baraka za mumewe shemasi. Lupesina akamrudishia kwamba afadhali kunenepa kwa baraka kuliko kukondeshwa na baridi na umbea wa mjini. Mbele ya nyumba, hatua chache tu kutoka mlangoni, kaburi la Bibi Matalena, mama yake Vaelupe, liling'aa kwa vigae vyeupe. Lupesina alilisugua kila Jumamosi kwa mikono yake mwenyewe, na hakuna mtu kijijini ambaye hakulijua hilo.

Maana Lupesina alisifika kwelikweli. Kila mwaka, Jumapili ya Akina Mama, alisimama kanisani na gauni lake jeupe na kofia yake nyeupe, akashuhudia jinsi alivyomuuguza mama mkwe wake. Kwamba jioni ya mwisho walikuwa katika sala, yeye amemshika mkono. Kwamba kikongwe alisema, "Asante, mwanangu," akaitikia amina, akalala. Watu walilia. Yeye alilia kuwashinda, na machozi yake hayakuwa ya kuigiza. Hapo ndipo palipokuwa na ugonjwa, jamani. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini ya Lupesina ilikuwa imefika miaka saba, kwa sababu alikuwa amejidanganya mwenyewe kwanza.

Vaelupe akaiweka nazi chini.

"Wifi, Mama alikufa mimi sipo. Nimekuja uniambie alivyokufa. Siyo yale ya kanisani. Vile vidogo vidogo. Alikuwa na kiu? Aliniita?"

Lupesina akafungua kinywa amweleze, na kilichotoka ni ushuhuda uleule, neno kwa neno, hata pale pa kuvuta pumzi. Vaelupe akaiokota tena nazi, akaendelea kukuna.

Jua lilipoanza kuzama, mtungi mtupu wa gesi unaoning'inia kando ya kanisa ukagongwa. Ni saa ya sala. Peniamina, mume wa Lupesina, akachukua fimbo akaenda kusimama barabarani na wanaume wenzake, kuhakikisha hapiti mtu. Kijiji kile hakina mzaha na sala ya jioni. Mtungi ukigongwa, kila nyumba inakaa chini, na hakuna anayeinuka mpaka ugongwe tena, hata chungu kikiungua jikoni. Watoto walishakua wakaenda zao, kwa hiyo walibaki mawifi wawili, wamekaa juu ya mkeka, pazia la maua limefungwa kwenye kona alikokuwa akilala Bibi Matalena.

Lupesina alikuwa katikati ya sala. Ndipo ikasikika.

Ko. Ko. Ko.

Kama kifuu kinagongwa kwenye nguzo. Lupesina akakatiza sala, akaanzisha wimbo, kwa sauti ya juu. Mtungi ulipogongwa tena, Vaelupe akauliza kwa kunong'ona nani alikuwa anagonga.

"Mjusi."

"Mjusi anagonga mara tatu?"

Lupesina akasema nyumba imezeeka, nguzo zinalia, na akayaamini maneno yake palepale, kama kawaida yake. Lakini alipofungua pazia kutafuta shuka, kifuu cha kunywea maji cha marehemu kilikuwa kinabembea kwenye msumari wake. Upepo haukuwepo.

Jioni ya pili alisali sala ndefu, ya kupanda na kushuka. Alipofika kwa wagonjwa na wajane, sauti ikatoka nyuma ya pazia, kavu kama koo lililokaa siku nzima bila maji.

"Amina."

Vaelupe akacheka kidogo. Kisha kicheko kikamkwama. Marehemu mama yake alikuwa na mchezo huo, kuitikia amina mapema ili kumkata mtu anayesali kwa maringo. Kijiji kizima kilimjua kwa amina zake. Vaelupe akamshika wifi yake mkono.

Jioni ya tatu Lupesina hakutaka kusali, lakini angesema nini, mke wa shemasi? Akafumba macho.

"Bwana, wewe waujua moyo wangu."

"Anaujua," ikasema sauti ile.

Vaelupe ndiye aliyenong'ona, machozi yanamtiririka: "Wifi. Jioni ile ilikuwaje?"

"Sikusikia vizuri," Lupesina akasema. "Watoto walikuwa wanaimba."

Ko.

"Nilidhani ni mjusi."

Ko.

"Ilikuwa saa ya sala. Singeweza kuinuka. Unajua sheria."

Ko. Ko. Ko. Pazia likavimba kutoka ndani, kana kwamba goti linalisukuma. Lupesina akaangusha uso wake kwenye mkeka.

"Nilisikia," akasema. "Aligonga akitaka maji. Niliwaambia watoto waimbe kwa nguvu. Nikarefusha sala. Nilikuwa nimemwogesha mara tatu siku ile, nilikuwa nimemchoka, Vaelupe. Nilimchoka. Mtungi ulipogongwa nikaenda na maji, naye alikuwa ameshakwenda. Kifuu kilikuwa mkononi mwake."

Pazia likatulia.

Vaelupe akainuka. Katikati ya sala, sheria au si sheria, akainuka. Akakitoa kifuu kwenye msumari, akakijaza maji kwenye ndoo, akatoka nacho mpaka kaburini, akayamimina polepole kwenye vigae. Kisha akakichimbia shimo kichwani pa kaburi, akakifukia, akaweka jiwe. Peniamina alimwona kutoka barabarani na hakuthubutu kumkemea. Vaelupe aliporudi ndani alijilaza na kugeukia ukuta. Hakumwambia Lupesina neno lolote usiku ule, wala siku zilizofuata.

Lupesina alilala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Niseme haki: siku mbili zilizofuata alikuwa mtu mwingine. Aliongea kidogo. Alisugua sufuria badala ya kaburi.

Ikafika Jumapili ya Akina Mama. Akaitwa mbele, akasimama, akasema ukweli. Wote. Maji, wimbo, uchovu. Mtu mmoja akaanza kulia, kisha wa pili, na mke wa mchungaji akainuka akamkumbatia, akisema hajapata kuona moyo mnyenyekevu namna hii. Na kitu kitamu kikampanda Lupesina kifuani. Alikijua kile kitu. Alikijua kwa miaka saba. Akafuta machozi, akavuta pumzi palepale pa kuvutia pumzi, akaongeza:

"Na wifi yangu amenisamehe. Alinishika mkono, akaniambia, asante, dada yangu."

Vaelupe alikuwa benchi la nyuma. Watu wote wakageuka kumtazama, wakitabasamu. Yeye hakutabasamu.

Lupesina akarudi kukaa.

Ko.

Chini ya benchi. Akainama taratibu, kama mtu anayetafuta leso. Kifuu kilikuwa pale, kati ya viatu vyake. Ukingoni kilikuwa na udongo mbichi wa kaburini. Ndani, kikavu.

Angeweza kusimama tena, ayafute maneno yale ya mwisho. Mchungaji alikuwa bado hajafungua kitabu, na kanisa zima lilikuwa linamtazama kwa upendo. Akakiokota kifuu, akakificha mapajani chini ya kitabu cha nyimbo, akaanzisha wimbo, akaimba kwa sauti ya juu kuliko wote.

Gauni lile jeupe la kanisani limeanikwa kwenye kamba yake mpaka leo, mkabala na kaburi. Amelifua kwa sabuni, kwa ndimu, kwa jiki. Jua la hapa hukausha samaki kwa siku moja, lakini pale mapajani pana duara, ukubwa wa mdomo wa kifuu kile kikavu, nalo halijakauka. Ukiligusa, limelowa maji.