Mtungi wa Watu Wawili

Kila jioni, kabla hata ya kuvua sare ya shule, Kiberiti alipitia kwenye chumba cha kazi cha baba yake. Baba alikuwa dobi. Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, na pasi ya mvuke ilipoanza kupumua, kuta zilipotea. Huoni dirisha wala mlango. Unaona mashuka meupe tu kwenye kamba, yakienda na kurudi taratibu kama yamelala usingizi. Kiberiti alipenda kusimama katikati yao na kufumba macho. Humo ndani hata yeye alikuwa mpole, na hilo si jambo dogo, maana jina lile hakupewa bure. Alikuwa akiguswa kidogo tu, anawaka.

Kazi yake ilikuwa kukunja mashuka pamoja na baba. Baba alishika pembe mbili, naye mbili. Kiberiti alivuta kabla ya mwenzake, shuka likamponyoka baba, likafagia sakafu, likarudishwa kwenye beseni. Ile methali ya haraka haraka aliijua tangu chekechea, na haikuwahi kumsaidia.

"Nitazame mimi, usilitazame shuka," baba alimwambia kila siku. Kiberiti aliitikia, "Ndiyo, baba," huku akilitazama shuka.

Wiki ile alivuta kuliko kawaida, kwa sababu alikuwa na jambo moyoni. Jambo lenyewe lilikuwa Shangazi.

Usije ukadhani ni dada wa baba yake. Shangazi alikuwa mwanafunzi wa darasa la sita kama yeye, mwenzake wa dawati tangu darasa la kwanza. Walimwita hivyo kwa sababu alizungumza kiutu uzima na kumwita kila mtu "mwanangu", hata monita. Kusoma alisoma polepole, neno kwa neno, kama mtu anayechambua mchele. Siku moja alisimamishwa asome mbele ya darasa. Kiberiti alijaribu kuvumilia, ikashindikana. Akainuka, akamnyang'anya kitabu na kusema, "Lete huku, utatukesha." Darasa zima likacheka. Shangazi akarudi kuketi, na tangu hapo hakumwita Kiberiti mwanangu wala jina lolote.

Kesho yake Kiberiti alimtupia neno mlangoni, akipita zake. "Pole, bwana."

Shangazi alimtazama bila hasira. "Pole ya nini? Kwani mimi naumwa?"

Basi Kiberiti akawaka. Akasema kama mtu hataki pole, aache. Lakini mchana ule akasikia kwamba Shangazi amemwomba mwalimu wa darasa ampe dawati jingine, na mwalimu amekubali. Jumatatu atahama. Moyo wa Kiberiti ulishuka mpaka kwenye viatu. Kipindi kizima cha hesabu hakuona namba hata moja ubaoni. Alijiona amekaa peke yake kwenye dawati refu, refu, lisilo na mwisho, akiita mtu wa kumwazima kifutio, na hakuna anayejibu.

Ijumaa walikuwa na kipindi cha kompyuta. Zamani chumba kile kilikuwa stoo, na bado kilinukia chaki. Mapazia yalifungwa, skrini zikatoa mwanga wa bluu, na mwalimu wa kompyuta, bwana mrefu, akaongea chini chini kana kwamba mashine zimelala. Aliwaambia kwamba leo watacheza mchezo ambao hauna mshindi. Ni mchezo wa kujifunza kukaa na watu. Wavulana wa nyuma wakaguna. Kisha akawaketisha wawili wawili, kwa madawati yao. Shangazi akaketi karibu na Kiberiti, macho mbele.

Ndani ya skrini ilikuwa alfajiri isiyokwisha. Vilima vilielea juu ya mawingu, na watoto wawili wadogo, wasio na midomo, walibeba mtungi mmoja wa maji, kila mmoja akiushika upande wake. Walitakiwa kuufikisha kwenye bustani kavu ng'ambo ya vilima. Shangazi alimwongoza mtoto wa kushoto, Kiberiti wa kulia. Muziki ulikuwa mwembamba kama wa kumlaza mtoto mchanga.

Kiberiti alibonyeza vitufe, mtoto wake akatoka mbio. Wa Shangazi akaburutwa. Mtungi ukainama, maji yakamwagika, na pale yalipoanguka ukungu ukapanda. Mara skrini ikawa nyeupe tupu. Walipoanza tena, ikawa vilevile. Ukungu haukuondoka, na kadiri Kiberiti alivyobonyeza ndivyo ulivyozidi kuwa mzito.

Mwalimu alipita nyuma yao. Akasema ukungu ule hauondoki kwa kubonyeza, akaenda zake.

Shangazi akaondoa mikono kwenye vitufe vyake, akaiweka mapajani, akangoja. Kiberiti bado alihangaika. Ule weupe ulimzunguka, na ghafla akajiona yuko kwa baba, katikati ya mvuke, ameshika pembe za shuka. Nitazame mimi. Akageuza shingo.

Tangu siku ya kitabu hakuwa amemtazama Shangazi usoni. Sasa alimwona. Alikuwa ameuma mdomo wa chini na macho yamelowa, sawasawa na alivyokuwa siku ile akirudi kuketi. Siku ile Kiberiti hakuona, maana alikuwa anatazama kitabu. Aliona aibu, aibu kwelikweli, ikapanda mpaka masikioni.

Akatoa mikono yake kwenye vitufe. Wote wawili wakatulia. Ukungu ukaanza kuyeyuka, kilima kikatokea, kisha cha pili, kisha wale watoto wawili, wamesimama na mtungi wao.

"Nisamehe," Kiberiti alisema. "Nilikunyang'anya kitabu, nikakuaibisha mbele za watu. Si bahati mbaya, ni mimi."

Shangazi alipangusa macho. "Nilimwambia mama sitasoma tena kwa sauti mpaka nazeeka," alisema.

Kiberiti alitaka kujitetea, ulimi ukamwasha. Akaumeza. Akaendelea kumtazama tu.

"Haya," Shangazi akasema mwishowe, akirudisha vidole kwenye vitufe. "Beba mtungi, mwanangu."

Bustanini maji yalifika karibu yote. Mimea ikachipua bila haraka, na hakuna aliyepiga kelele za ushindi.

Jioni ile Shangazi alimsindikiza Kiberiti mpaka kwa baba. Njiani alimwarifu kwamba Jumatatu atamwambia mwalimu hahami tena, ila kitabu kikinyang'anywa mara ya pili, atahama na dawati lenyewe.

Baba alikuwa na shuka jipya la mteja. Miwani yake imefunikwa na mvuke, akawaomba wamsomee maandishi yaliyoshonwa pembeni. Shangazi akalipokea. Alisita, kisha akaanza. "Fua... kwa maji... ya... va... vuguvugu." Kiberiti alikwishayaona maneno yote. Alifunga mdomo, akamtazama rafiki yake mpaka neno la mwisho.

Baba alifuta miwani na kuuliza huyu ni Kiberiti gani. Wakamsimulia yote, ya kitabu, ya pole na ya mtungi. Alisikiliza mpaka pasi ikapoa.

"Kumbe mchezo wa kompyuta umefanya kazi iliyonishinda," alisema. "Sikieni, wanangu. Pole tunampa mtu aliyepatwa na jambo. Lakini ukiwa wewe ndiye jambo lililompata, sema nisamehe, tena umtazame usoni. Mzigo wa watu wawili haubebwi kwa kuutazama mzigo."

Kisha akawapa shuka. Kila mmoja akashika pembe zake mbili, wakatazamana, wakasogea mpaka mikono yao ikakutana. Shuka halikugusa sakafu.