Shati la Mlinzi

"Vua koti. Haraka!"

Mlinzi wa Mwenyekiti aliangua kicheko, bado yuko mlangoni mwa duka la ushonaji.

"Mchana kweupe hivi? Si usubiri ndoa, Fundi wangu?"

Mchumba wake hakucheka. Alimvuta ndani, akampitishia utepe begani, kisha shingoni. Bega la kushoto lilikuwa limeshuka, vilevile alivyoogopa.

"Ni wewe," alisema. "Mungu wangu, ni wewe!"

"Mimi nani? Siku zote unakataa kunipima, leo unanipima kama maiti."

Maneno yalimchoma, maana hakukosea sana. Mezani palikuwa na shati jeupe, limebakiza kifungo kimoja. Wanasiasa walimletea vipimo bila jina, naye akashona. Uzi wa kifungo cha mwisho ukikatwa, mwenye vipimo anakata roho popote alipo, hana jeraha wala homa. Hakuna polisi aliyewahi kulishuku shati.

Fundi hakuwahi kuuliza majina. Ila marehemu walikuja wenyewe. Walisimama ukutani, kila mmoja na shati lake, na aliyewaona ni yule tu aliyekata uzi.

Alimweleza yote bila kupumzika, kisha akampa simu asome ujumbe.

"Vipimo ndivyo hivyo. Limalizike kabla ya kikao cha jioni."

"Hii namba ni ya Naibu," mlinzi alisema. "Aliniomba vipimo vya Mwenyekiti. Eti anataka kumzawadia shati. Nikampa vyangu."

"Kwa nini, jamani?"

"Kwa sababu mara ya kwanza aliniomba vya kaka yangu. Nikampa. Wiki ile ile kaka akafia mezani, anaandika hotuba ya Mwenyekiti. Nikavishuku vile vipimo, sikutaka kumtoa mtu mwingine."

Fundi alitazama ukutani kabla hajajizuia. Mlinzi akayafuata macho yake.

"Yupo humu?"

"Yupo. Karibu na pasi."

"Muulize kama anajua ni mimi niliyetoa vipimo."

"Hawasemi, mpenzi. Wananitazama tu."

Mlinzi aliinua mkono kama wa kupiga, ukaishia hewani. Akaketi kwenye benchi la wateja, akalia kwa sauti bila aibu. Fundi alitamani kumshika lakini hakuthubutu. Alimpenda mpaka akajichukia.

Simu ikaita. Naibu.

"Fundi, mbona kimya?"

"Kimebaki kifungo, mheshimiwa."

"Kimalize basi. Halafu nasikia unaolewa na yule kijana wetu, hongera! Nitakuja harusini, tena nikiwa mwenyekiti."

Alipokata, mlinzi alifuta uso.

"Lichome moto."

"Haliungui. Na jioni ikifika halijaisha, linakuchukua hivyo hivyo. Dawa yake ni kulibadilisha vipimo. Chukua utepe, unipime mimi."

"Unasema nini?"

"Nina roho ngapi za watu hapa? Nipime."

Mlinzi alisimama nyuma yake, akapitisha utepe. Alitaja bega, mkono, kifua, naye Fundi akafumua na kupunguza, macho yamejaa machozi. Kola akaiacha mwisho.

"Shingo, inchi kumi na saba."

Cherehani ikasimama.

"Hiyo si shingo yangu."

"Shona."

"Hivi vyote ni vya nani?"

"Yule Naibu mfupi ndiye anayenituma nikamchukulie suti zake. Vipimo vyake navijua kuliko vyangu. Shona, tafadhali."

"Nimechoka kutazamwa!"

"Basi kifungo nipe mimi."

"Anayekata uzi ndiye anayebaki naye. Unanisikia?"

"Nimekusikia."

Fundi aliirekebisha kola. Mlinzi alikishona kifungo vibaya, akajidunga kidole, akakata uzi kwa meno.

Hazikupita dakika nyingi ujumbe ukaingia kwenye simu yake, kutoka kwa mlinzi mwenzake: "Uko wapi? Naibu kaanguka kikaoni. Hapumui."

Mlinzi aliiweka simu mezani. Alikuwa anaangalia nyuma ya bega la Fundi, rangi imemtoka.

"Amekuja," alinong'ona. "Kafunga vifungo vyote."

"Mimi simwoni."

"Hapepesi macho. Hivi mtu anazoea?"

Fundi alifikiria kumdanganya, akashindwa.

"Hapana."

Alimshika mkono. Safari hii alithubutu, wala hakusukumwa.

"Twende tukaandikishe ndoa," mlinzi alisema. "Leo, kabla hawajafunga ofisi."

"Baada ya niliyomfanyia kaka yako? Umenisamehe?"

"Sijakusamehe. Sijui kama nitaweza. Lakini siwezi kwenda kulala na huyu peke yangu."