Koti la Qu Juu ya Paa

Ukuta wa jikoni ulianza kutoa sauti mchana kweupe, Lian akipepeta mtama. Du. Du. Du. Mchi wa kushindilia udongo. Ndani hamkuwa na mtu ila yeye na mama mkwe, naye mama mkwe alikuwa amelala mdomo wazi.

Lian hakupiga kelele. Alitabasamu, mjinga wa watu, maana mapigo yale aliyajua.

Karani wa wilaya alikuwa ametangaza sokoni kwamba kikosi chote cha Qu, mumewe, kimefukiwa na udongo kwenye ukuta wa mpaka waliopelekwa kuujenga kaskazini. Serikali ya Qin, dola ya kale ya Uchina, haikujisumbua na mtu mmoja mmoja, ilihesabu vikosi. Mama mkwe, aliyekua kabla sheria haijameza kila kitu, akasema mila ni mila, roho ya marehemu huitwa. Basi Lian akapanda paani na koti la katani la mumewe, akaelekea kaskazini, akaita mara tatu, "Qu, rudi nyumbani!"

Akarudi.

Kwanza sauti, kisha harufu ya udongo mbichi, kisha baridi kitandani upande aliozoea kulala Qu, na Lian akasogea kumpisha, akawa anapakua bakuli la tatu la uji, akawa anacheka peke yake kisimani, hata majirani wakaanza kunong'ona, kwa kuwa kaya tano zilifungwa pamoja kisheria, na mmoja akificha mtoro zote tano zinakwenda na maji.

"Shemeji," jirani Tuo alimnong'oneza uani, "nani huyo anayeshindilia udongo kwako?"

"Panya."

"Panya ana mchi? Nina watoto wanne, shemeji. Usiponiambia, nakwenda kusema kwa karani."

Ndipo akaitwa mganga, bibi mmoja mkavu kama kuni. Alinusa lile koti, akatega sikio ukutani, uso ukambadilika.

"Nani alimwita huyu?"

"Mimi, bibi."

"Tega sikio, mwanangu."

Ndani ya udongo mtu alikuwa anahema.

"Maiti hahemi. Umeita roho ya mtu aliye hai. Huko aliko mwili umebaki kama gogo. Mrudishe kabla hawajauzika huo mwili."

"Nimrudisheje?"

"Kwa kinywa kile kile kilichomwita. Ukimbembeleza hatoki. Mfukuze."

Ilikuwa siku fupi kuliko zote za mwaka, adhuhuri. Lian aliukabili ukuta.

"Qu, toka."

Du. Du.

"Sikutaki! Sikukutaka tangu mwanzo! Usije tena kwangu, hata nikikuita!"

Mchi ukasita. Halafu ukaanguka. Mama mkwe akauma mkono wa nguo yake asisikike.

Barafu ilipoyeyuka akarudi Pang, mwanakijiji mwenzao wa kikosi kingine, kutoka kaskazini. Alipewa uji, akaanza kueleza bila kuulizwa.

"Qu hakufa na wenzake. Alikuwa ameenda kuchota maji. Baadaye ndipo akaganda, amesimama na mchi wake, anahema lakini hayupo. Asiyefanya kazi hali; ndiyo sheria. Ile siku fupi, alfajiri, msimamizi akaamuru ashindiliwe ukutani."

"Akafa," Lian alisema.

Pang aliangalia bakuli lake.

"Adhuhuri tulisikia mtu anagonga. Kutoka ndani. Anaita jina lako, shemeji. Tulimpigia msimamizi magoti tubomoe. Akasema ukuta uliokwisha kukaguliwa haubomolewi."

"Aligonga mpaka lini?"

"Kula na wewe kidogo."

"Nimekuuliza mpaka lini."

"Mpaka kesho yake jioni."

Lian akainuka, akatwaa koti, akapanda paani. Tuo alitoka uani kwake, akatazama juu, akarudi ndani. Lian aliita mpaka sauti ikakatika, kisha akashuka, akabandika sikio kwenye ukuta wa jikoni. Akangoja. Panya walipita, panya wa kweli.

Qu hakuja. Tangu amwoe, hakuwahi kubishana na mkewe.