Kutu ya Bwawani

Fundi cherehani alikuwa akishona huku jicho moja liko dirishani. Nyuma ya nyumba palikuwa na kibwawa alichochimba marehemu mama yake. Enzi za mama, maji yake yalikuwa na kijanikijani, na bata waliogelea kutwa. Tangu mama afariki, bwawa limefunikwa lote na kitu chekundu. Bata nao wamelikimbia.

"Kutu ile," alisema mumewe. Yeye alikuwa mchomeleaji wa vyuma. Kwake, chochote chekundu ni kutu. "Maji yameharibika. Kesho naleta kifusi, nalifukia."

Moyo ulimuuma fundi. Bwawa likifukiwa, atabaki na kitu gani cha mama?

Alasiri bibi shamba, mtaalamu wa kilimo wa pale mtaani, alikuja kuchukua gauni lake. Alipochungulia dirishani, gauni akalisahau.

"Shoga, una mbolea ya bure pale!"

"Mbolea gani, dada? Mwenzangu anataka kulifukia."

"Ebo! Niletee sahani nyeupe yenye maji."

Wakaenda bwawani. Bibi shamba akaweka kimmea kimoja kwenye sahani. Mume akasogea, mikono imejaa masizi.

"Tazameni majani," alisema bibi shamba. "Ni madogo sana, yamepandana kama magamba ya samaki. Haya, inua. Chini kuna nini?"

"Nyuzi," alijibu fundi. "Zinaning'inia."

"Hiyo ni mizizi. Kuna mmea mwingine mdogo unaoelea, majani yake ni laini na ya duara. Huu siyo huo. Kuna mwingine wenye majani makubwa kama ukucha wa dole gumba, yana vinyweleo juu. Huo ni msumbufu, huziba mito. Huu wenu unaitwa azola. Ni jamii ya makangaga: hautoi maua wala mbegu."

"Na wekundu wote huu?" aliuliza mume.

"Shemeji, umeona wapi kutu yenye mizizi?" Wote wakacheka. "Ni jua kali, tena umesongamana. Kivulini hubaki kijani. Ila ukifunika bwawa lote, maji hukosa hewa. Lazima upunguzwe kila mara. Walisheni bata mmea huu, na unaobaki ufukieni bustanini."

Fundi akaketi chini, machozi yakamlenga. Aliikumbuka kila asubuhi ya utoto wake: mama ndani ya maji, khanga kaifunga kiunoni, anaopoa kwa chujio huku anaimba.

"Mimi nilidhani anasafisha uchafu," alisema. "Kumbe alikuwa anavuna! Alipoondoka, hakuna aliyeendelea."

Mume akajikuna kichwa. "Basi, kifusi hakiji."

Akamtengenezea mkewe chujio la chuma lenye mpini mrefu. Wakaopoa zaidi ya nusu. Bata wakarudi majini, na mboga zikanawiri hadi majirani wakaja kuuliza siri.

Siku moja jirani alileta mmea ndani ya kopo. "Na mimi nimeipata azola!"

Fundi akautia kwenye sahani nyeupe. Majani makubwa. Vinyweleo.

"Hii siyo, ndugu yangu. Usiimwage mtoni. Ianike mbali na maji, ikauke kabisa."

Jirani akaondoka akishukuru. Fundi akabaki ukingoni peke yake. Alitamani sana kumwita mama, amwambie ule mmea wake una jina. Hakukuwa na wa kumwita. Akavua ndala, akaifunga khanga kiunoni, akaingia majini na chujio lake.