Treni Ilipokata Roho, Kondakta Akashuka

Injini ilijikokota mpaka kwenye kituo kidogo chenye benchi moja na mbuzi wawili, ikatoa moshi mweusi, ikakata roho. Abiria walisimama madirishani wakiitazama kwa heshima zote za msiba.

"Mjomba, amka. Tushuke."

"Tumefika?"

"Hatujafika. Treni imekufa."

"Basi tusubiri ifufuke," Mjomba alijibu, akavuta kofia usoni. "Mimi nimekata tiketi mpaka mwisho wa reli. Sishuki njiani kama gunia lililodondoka."

Kijana aliyekuwa akimwamsha jasho lilimtoka. Watu wote walimwita Kondakta kwa kuwa ndiyo kazi yake, kwenye basi dogo la vijijini kwao, upande wa pili wa nchi. Na huyu Mjomba aliyeanza kukoroma ndiye aliyeletwa kuwa msemaji wa posa. Posa yenyewe ilikuwa leo, saa sita mchana, nyumbani kwa Kipenga, msichana aliyemfanya Kondakta mzima asahau majina ya vituo vyake.

Tena hii ilikuwa posa ya pili. Ya kwanza iliharibika kwa kosa ambalo kondakta peke yake ndiye angeweza kulifanya. Alifika stesheni mapema, akaona treni ina viti vitupu tele, akacheka moyoni. Tangu azaliwe hakuwahi kuona chombo cha abiria kikiondoka kabla hakijajaa. Akaenda zake kunywa chai. Aliporudi alikuta reli na upepo.

Baba yake Kipenga, dereva wa treni mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Reli, aliyapokea maelezo hayo kama tusi kwa ukoo wake wote. Baada ya binti kulia na mama kununa, alitoa nafasi moja tu ya mwisho: saa sita kamili, akichelewa geti linafungwa.

Simu ikaita. Kipenga.

"Uko wapi?"

"Kwenye nyika."

"Nyika gani?"

"Haijajitambulisha."

"Sitaki utani! Baba amevaa sare zake za kazi. Kakaa barazani anaangalia saa."

"Mwambie treni imeharibika."

"Nimwambie nani? Baba? Huyo hata treni ilale njiani siku mbili, anasema treni haichelewi, abiria ndio wana haraka. Ukiisingizia treni yake tumekwisha."

"Sasa nifanyeje, mpenzi?"

"Si wewe mtu wa mabasi? Tafuta basi!" Kisha sauti ikalegea. "Usiniletee sababu. Njoo wewe."

Nyuma ya stesheni kulikuwa na basi dogo la kwenda njiapanda. Ndani alikaa mama mmoja tu, amezungukwa na ndoo za plastiki za biashara. Dereva alikuwa ameegemea usukani anachokonoa meno.

"Tunaondoka saa ngapi, kaka?"

"Likijaa."

Neno hilo Kondakta alikuwa amewaambia watu kila siku ya kazi yake, kwa sauti hiyohiyo na kwa uso huohuo mkavu. Leo ndiyo mara yake ya kwanza kuambiwa. Aligundua kuwa ni neno baya mno, linalostahili kupigwa marufuku.

"Limejaa lini mara ya mwisho?" aliuliza.

"Jana," alijibu mama wa ndoo. "Jioni."

Kondakta hakubishana. Alikunja mikono ya shati lake la posa, akatoka mbio kurudi kwenye treni, akapiga ubavu wa behewa kwa kiganja.

"Njiapanda, mjini! Njiapanda, mjini! Bado wawili, bado wawili tu!"

Mzee mmoja mwenye fimbo alichungulia dirishani. "Limejaa kweli?"

"Limejaa, babu. Nimekuwekea siti yako."

"Si umesema bado wawili?"

"Wewe na fimbo."

Watu wakacheka, lakini hakuna aliyeinuka. Kondakta akaona hapa uongo wa kazini hautoshi. Akapanda ngazi ya behewa, akasema ukweli.

"Jamani, mimi naenda kuposa. Mara ya kwanza niliachwa na treni kwa ujinga wangu. Leo nikichelewa nafungiwa geti, na yule msichana ataolewa na mwingine. Basi lipo, haliondoki tupu. Nisaidieni kulijaza."

Dada mmoja aliyekuwa akinyonyesha akajifunga mtoto mgongoni.

"Mwenzetu anaenda kuposa, sisi tumekaa tunatazama mbuzi? Inukeni!"

Behewa zima likamwagika. Mjomba alifungua jicho moja.

"Wasalimie wakwe," alisema, akalifunga.

Basi likajaa mpaka mlangoni. Kondakta akawapanga kila mtu mahali pake, wanene madirishani, wembamba katikati, ndoo za mama zikakaliwa na watoto. Alipopiga bati mara mbili, dereva aliondoa gari bila kuuliza kondakta huyu kaajiriwa na nani.

Ujumbe ukatoka: "Tumeondoka. Ongea na mzee."

Jibu likaja: "Naongea na ukuta. Kimbia."

Kwao Kipenga, kwa kweli, mazungumzo hayakuwa yakienda vizuri.

"Saa sita ikigonga, nafunga," alisema Mzee Reli.

"Akichelewa kidogo tu?"

"Hakuna kidogo. Treni inasubiri mtu kidogo?"

"Baba, mimi si treni."

"Muache mtoto apumue!" Mama alipaza sauti kutoka jikoni.

"Mama Kipenga, nidhamu ni nidhamu."

"Sawa, Baba," Kipenga alisema taratibu. "Funga. Ila utanifungia nikiwa nje."

Akachukua stuli, akatoka, akaikita pembeni ya barabara, akakaa akimpa baba mgongo. Saa ikagonga. Mzee akamtazama binti, akaitazama saa, akafunga. Komeo likalia. Sasa kila upande wa geti ulikuwa na kichwa kigumu, na vichwa vyote viwili ni vya ukoo mmoja.

Njiapanda, basi la pili, la kwenda mjini, lilikuwa tupu.

"Likijaa," alianza dereva wake.

"Limeshajaa," alisema Kondakta, akaonyesha nyuma yake. Behewa zima lilikuwa likivuka barabara kwa mguu, ndoo vichwani.

Walipoingia mjini, saa sita ilikuwa imeshapita na kwenda zake. Dereva alikata kona kuelekea stendi, kukazuka makelele.

"Hatushuki stendi! Tupeleke mpaka getini!"

Basi likasimama mbele ya stuli. Kipenga aliinuka.

"Umechelewa."

"Najua."

"Una vumbi mpaka kwenye kope."

"Najua."

"Basi unangoja nini? Gonga."

Akagonga.

"Nani?" ilitoka sauti ndani.

"Mimi, Mzee. Kondakta."

"Saa ngapi sasa hivi?"

"Imepita sita."

"Sababu?"

"Treni!" abiria walilipuka nyuma yake. "Treni mbovu! Mkweche! Imetutupa porini!"

Nyuma ya geti kukawa kimya, kimya cha mtu aliyetukanwa maneno hayohayo kupitia dirisha la injini kwa maisha yake yote ya kazi.

Kondakta akageuka.

"Nyamazeni! Imetuvuta usiku kucha mmelala midomo wazi, hakuna aliyeishukuru. Imechoka. Nani hapa hachoki?" Akaligeukia geti. "Sina sababu, Mzee. Mara ya kwanza nilikosa mwenyewe. Leo nimechelewa. Lakini nimefika, na sirudi nilikotoka. Ukinifungia leo, kesho nitagonga tena. Na keshokutwa."

Komeo likalia. Mzee Reli alisimama mlangoni, vifungo vyote vya sare vimefungwa.

"Ilikufaje?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kwa heshima, Mzee. Ilitufikisha kituoni kwanza."

Mzee akavua kofia.

"Ndivyo zilivyo," alisema. Akakohoa, akaivaa tena. "Msemaji wako yuko wapi?"

"Mjomba amebaki kwenye treni. Amekataa kuiacha."

"Huyo amelelewa. Sasa nani anakusemea wewe?"

"Mimi," alisema mama wa ndoo, akitua mzigo wake.

"Wewe ni nani yake?"

"Abiria mwenzake. Nimemjua leo asubuhi. Lakini nimemwona akiwapanga watu wasiojuana, wenye njaa na mizigo, kwenye gari bovu, na hakuna aliyegombana na mwenzake. Mtu kama huyo nyumba itamshinda?"

Mzee Reli alilitafakari hilo. Mwishowe akamgeukia binti yake.

"Na wewe, unamtaka?"

"Baba, umenifungia nje juani tangu saa sita. Ulidhani naanika nguo?"

Mama akacheka kule jikoni mpaka mfuniko ukaanguka. Mzee Reli hakucheka. Aliinama, akang'oa pini ya chini, akafungua na upande wa pili wa geti, ule unaofunguliwa kwa magari tu, ili behewa zima lipite.